Mbwa wa Rangi ya Maji ya Kunde

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Na ukijikuta unaifahamu, unajua mpaka rangi ya mageti yake, hilo ni lako, mimi sikukuambia. Ni nchi nzuri. Watu wake wana afya kuliko watu wote duniani, na hizi si porojo, kuna ushahidi wa maandishi. Ushahidi wenyewe niliuandika mimi.

Naitwa Mahimbo. Nilikuwa Karani wa Ushuhuda, Daraja la Pili, Wizara ya Siha, dirisha namba nne. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea wananchi waliotumia kopo na kuandika jinsi walivyopona. Nikisema kopo namaanisha Siha Jumla, ule unga wa kijani unaokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu. Una mimea sabini na saba, madini ishirini na tisa, na vitamini zote, hata zile ambazo bado hazijapewa herufi. Mbele ya kopo kuna picha ya mwanamume mwenye misuli akimnyanyua mwanamke mwenye misuli. Kampuni inayoliagiza ni ya shemeji yake Waziri, lakini hiyo ni sadfa tu, maana mtu hachagui shemeji.

Utaratibu wa ushuhuda ni rahisi, na ndio uliotufikisha hapa tulipo. Shahidi anasimama dirishani, anaweka mkono wa kulia juu ya kopo, anasema mambo matatu kwa mpangilio: nilikuwa, nikanywa, sasa. "Nilikuwa na presha, nyayo zinawaka moto, mgongo haunyooki. Nikanywa makopo mawili. Sasa nacheza ngoma na wajukuu." Mimi naandika, halafu natia tiki kwenye safu moja kati ya tatu zilizochapwa na Serikali: Amepona, Amepona Sana, Amepona Kupita Kiasi.

Niliwahi kumuuliza bosi wangu, Bwana Chilongani, Mkurugenzi wa Ushuhuda, kama isingefaa kuwe na safu ya nne, kwa wale ambao hawakupona. Alinitazama kwa huruma.

"Mahimbo, tangu tufungue ofisi hii, umewahi kumwona mtu aliyekufa akija dirishani kulalamika?"

Nikafikiri kwa uaminifu. Sikuwahi kumwona.

"Basi," akasema.

Nikarudi kwenye kiti changu nimeridhika, na nikaridhika hivyo kwa miaka mitatu. Mguu wangu wa kulia tu ndio haukuridhika. Siku ileile ulianza kutikisika chini ya meza, na haukuacha. Mashahidi walikuwa wakiuona wanadhani nina haraka.

*

Zamani, kabla ya kopo, nchi yetu ilikuwa na dawa kama nchi nyingine za kawaida. Kila zahanati ilikuwa na kabati lenye kufuli na nesi mkali. Kisha akateuliwa Mheshimiwa Ndelwa kuwa Waziri wa Siha, naye akaasisi Siku ya Kopo, na kwenye sherehe ya kwanza akatoa hotuba ambayo watoto wa shule wanaikariri mpaka leo.

"Ndugu wananchi," alisema, "mataifa mengine yanatibu magonjwa. Sisi tumekataa utumwa huo. Sisi tunatibu afya." Makofi. "Ukiutibu ugonjwa, unaupa cheo. Unaufanya ujione. Katika nchi yetu hakuna wagonjwa, kuna watu wanaochelewa kunywa kopo." Makofi ya kusimama.

Kuanzia wiki hiyo, zahanati moja baada ya nyingine, makabati yalimwagwa yakajazwa makopo. Methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua ilifutwa kwenye vitabu vya shule, kwa kuwa ilikuwa inawavunja moyo wawekezaji. Zikaletwa mashine za kupima mwili mzima. Unashika chuma mkononi dakika moja, karatasi inatoka na orodha ya vyote ulivyopungukiwa. Haijatokea mtu akashika chuma kile akakutwa hajapungukiwa. Askari wetu wa getini, mtu wa kilo tisini na tano, alikutwa amepungukiwa vitu thelathini na moja, akaomba ruhusa akalale.

Mtu mmoja tu aliuliza. Huyo ni Daktari Ngwilizi wa zahanati ya mtaani kwetu, mwembamba, anayevaa sweta hata jua likiwa utosini. Alisimama kwenye mkutano wa wizara, na wala hakupaza sauti.

"Mimi sina ugomvi na kopo," alisema. "Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu nampa vidonge vya madini ya chuma, na damu inapanda, nimepima. Mtoto mwenye utapiamlo nampa chakula chake maalumu, ananawiri, nimempima. Hao wamepungukiwa na kitu, nami nimewapa kitu hichohicho. Lakini mtu anayekula ugali wake, maharage yake na mchicha wake, kopo litamwongezea nini zaidi ya rangi ya mkojo? Na hao mnaosema wamepona, mmewalinganisha na nani ambaye hakunywa?"

Mheshimiwa Ndelwa akajibu kwa upole kwamba tabia ya kuuliza maswali inatokana na upungufu wa zinki. Siku tatu baadaye Daktari Ngwilizi alihamishiwa Wizara ya Mifugo, Idara ya Mbwa, Paka na Wanyama Wasioliwa. Mimi ndiye niliyeichapa barua ya uhamisho. Niliichapa vizuri, bila kosa hata moja.

*

Sasa nimfikie dada yangu, maana hadithi hii ni yake.

Dada Siwema ni mwalimu mstaafu. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa wa kubebwa, na aliyenibeba mgongoni ni yeye. Aliponifikisha umri wa kushika kalamu akanifundisha kuandika, kwa rula. Ana kisukari mwaka wa kumi na tisa huu, kile cha sindano. Chupa zake za dawa alikuwa anazihifadhi ndani ya mtungi wa maji ili zisipate joto, na mtu yeyote akigusa mtungi ule anasikika mpaka mtaa wa pili.

Siku alipokwenda zahanati akaambiwa sindano hakuna, akapewa makopo matatu, alikuja kwangu moja kwa moja akayapanga mezani.

"Mdogo wangu, hivi vitu vinafanya kazi?"

Ningeweza kusema sijui. Ndilo lilikuwa jibu la kweli, na ni jepesi kutamka. Badala yake nikasema, "Dada, kunywa tu. Nina vitabu kumi na vinne vya ushuhuda."

"Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Basi nitakunywa," akasema. "Mwandiko wako nilikufundisha mwenyewe, najua hauwezi kudanganya."

Alikunywa kwa nidhamu, vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, kama ilivyoandikwa. Kwenye mtungi ilikuwa imebaki nusu chupa, akawa anaipunja. Ilipokwisha, kiu ikaanza. Anakunywa maji ndoo nzima, anakwenda chooni, anarudi kunywa. Macho yakaingia ukungu. Nikamletea Mwongozo wa Wizara, ukurasa wa tisa, ambao nao niliuchapa mimi. Aliusogeza karibu na pua akausoma kwa sauti, kama anavyosoma insha ya mwanafunzi.

"Kiu: mwili unasafishwa. Kukojoa mara kwa mara: sumu zinatoka. Kuona ukungu: macho yanazoea afya mpya. Kupungua uzito: hongera." Akaushusha. "Na kufa?"

"Kufa hakumo, dada."

"Haya. Tumshukuru Mungu."

Wiki ya tatu kanga aliyokuwa akijifunga mara moja ikamzunguka mara mbili. Pumzi yake ikawa na harufu tamu ya matunda yaliyolala. Majirani wakamsifu kwa kupungua. Bwana Chilongani alipita nyumbani kwa dada siku moja, akamkuta amekaa barazani ameegemea ukuta, hawezi kuinuka kumsalimia mgeni, jambo ambalo tangu nizaliwe sikuwahi kuliona. Akaniminya mkono kwa furaha. "Dada yako amependeza, Mahimbo. Mlete dirishani."

Karani halipwi mshahara ili aogope, lakini nitaandika wazi: niliogopa. Nilimtazama yule mwanamke aliyenibeba, nikaona mifupa ya mabega imesimama, nikajua kwamba nimemuua kwa mwandiko wake mwenyewe, na kwamba kilichobaki ni kujua siku.

*

Asubuhi iliyofuata sikukaa dirishani. Nilikwenda Bohari Kuu, ghorofa ya chini, na kwa macho yangu nikaona friji nyeupe yenye mlango wa kioo, imejaa chupa zilezile za dada. Kwenye mlango kuna karatasi: MARUFUKU BILA FOMU.

Nikapanda ngazi mbilimbili mpaka kwa Bwana Chilongani.

"Fomu ipo," alisema. "Inaitwa Fomu ya Kutopona."

"Naomba moja."

"Haijachapwa. Tutachapaje fomu ya kitu ambacho hakijatokea? Kopo halijawahi kushindwa."

"Limeshindwa kwa dada yangu."

"Ana fomu ya kuthibitisha?"

Niliondoka nikaenda Idara ya Uchapaji. Wakasema watachapa pindi atakapopatikana mtu mmoja aliyeandikishwa kuwa hakupona. Nikaenda Masjala ya Kuandikisha. Wakasema wataandikisha pindi fomu itakapochapwa. Nikarudi Uchapaji nikapita Uhakiki nikapanda Maadili nikashuka Masjala. Mguu wa kulia ulikuwa unatangulia, mimi naufuata. Saa saba mchana nilikuwa tena mbele ya Bwana Chilongani, shati limeloa.

"Mwongezee kopo," aliniambia, na nadhani alisema kwa nia njema.

"Amekunywa sita."

"Si unaona? Wengi wanakwama kwenye sita. Saba ndiyo namba ya ukamilifu."

"Bwana Mkurugenzi, ile friji ya chini ni ya nani?"

Akainuka akafunga mlango. "Ya Jenerali."

Jenerali ni mbwa wa Mheshimiwa Ndelwa. Mbwa mnene, mweupe, aliyeletwa kwa ndege, na kisukari alikipata kwa kulishwa keki za sherehe za Serikali.

"Hakupewa kopo?"

"Alipewa. Halikumfaa."

"Kwa nini halikumfaa?"

Bwana Chilongani alinitazama kama mzazi anayemwona mtoto mkubwa amefunga vifungo vya shati kombo. "Mahimbo, tumia akili. Mbwa hawezi kutoa ushuhuda. Kopo halifanyi kazi bila ushuhuda, hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Mnyama hana mdomo wa kusema nilikuwa, nikanywa, sasa. Kwa hiyo mnyama, masikini, hana budi kupewa dawa."

Sikuaga. Nilishuka zile ngazi nikavuka barabara bila kutazama magari.

*

Daktari Ngwilizi nilimkuta kwenye chumba cha nyuma cha Wizara ya Mifugo, ndani ya sweta lake, paka amelala juu ya majalada. Alinitambua. Nadhani alijua hata kwamba barua yake niliichapa mimi.

Aliniuliza maswali matatu. Anatapika? Anapumua vipi? Ameacha sindano tangu lini? Nilipojibu, akavuta droo.

"Binadamu siruhusiwi kumpa hata kidonge cha kichwa," alisema. "Wakinikuta, wananihamishia Samaki. Lakini mbwa nampa chochote."

Akaniwekea mbele fomu iliyoandikwa juu: MBWA MWENYE KISUKARI, MAOMBI YA DAWA.

Nilishika kalamu ikanikatalia. Katika nchi yetu, ukimwita mtu mbwa, hakuna anayekuuliza kwa nini umepigwa. Na huyu hakuwa mtu tu.

"Jaza," alisema Daktari Ngwilizi. "Tusi haliui. Sukari inaua, tena haisubiri."

Nikajaza. Jina: Siwema. Jinsia: jike. Rangi: maji ya kunde. Umri: sitini na tatu. Akanikatisha, akasema mbwa hafiki huko, andika tisa. Kazi: kulinda nyumba. Anauma? Nikaandika: akichokozwa. Jina la mmiliki. Nikaandika jina langu, mimi niliyelala mgongoni kwake, nikaona aibu hata mbele ya yule paka.

"Soma masharti," alisema. "La tano hasa."

Sharti la tano lilisema mnyama atakayesikika akitamka maneno hadharani atafutiwa cheti, dawa itasitishwa na mmiliki atashitakiwa. Liliwekwa kwa ajili ya kasuku wa balozi fulani, lakini linawahusu wanyama wote. Nikatia sahihi. Nikapewa cheti na kibati cha shaba chenye namba 447 cha kuvaliwa shingoni, na kwa fomu ile friji ya Bohari Kuu ikafunguliwa, nikatoka na chupa nne na sindano.

Dada alikuwa amelala mkekani. Nilipiga magoti nikampa cheti kwanza, kwa sababu sikutaka apokee dawa bila kujua ameipataje. Alikishika karibu na pua. Akasoma polepole, mpaka chini, mpaka masharti. Nilisubiri rula.

"Maji ya kunde," alisema mwishowe. "Hapo hujakosea."

"Dada, nisamehe."

"Mama angekuchapa."

"Najua."

"Lete chupa." Akajichoma mwenyewe, kiasi anachokijua kwa miaka kumi na tisa. Kile kibati akakifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na funguo. Jioni Daktari Ngwilizi alipita kumwona mbwa wetu, kama sheria inavyotaka, akamtundikia maji ya dripu, akakaa naye mpaka alipopata usingizi.

*

Alipona. Naliandika neno hili na najua maana yake sasa. Wiki ya pili aliinuka. Ya tatu aligombana na muuza mkaa. Ya nne kanga ikarudi kumtosha mara moja, nami nikasikia tena sauti yake kutoka mtaa wa pili, nikalia nikiwa njiani na kikapu cha dagaa mkononi.

Lakini mtu anayepona kwetu hapiti bila kuonekana. Bwana Chilongani alimwona sokoni akanijia mbio dirishani.

"Kopo la saba," alisema. "Nilikwambia."

Nikatabasamu. Siku mbili baadaye ikatoka barua yenye nembo: Mwalimu Siwema ameteuliwa kuwa Shahidi Mkuu wa Siku ya Kopo. Mwaka huo walikuwa wanakuja wageni wa nchi sita wanaotaka kulinunua kopo letu kwa watu wao, na Mheshimiwa Ndelwa alitaka mtu aliyeonekana karibu kufa, kisha akaonekana sokoni akigombana.

Nikaanza kuzunguka ua wa nyumba. Sokoni hakuna aliyekuwa na habari ya cheti, lakini dada akifungua kinywa kwenye kipaza sauti mbele ya Serikali nzima, ni mnyama aliyetamka maneno hadharani: cheti kinafutwa, friji inafungwa, na ile kiu inarudi. Asipokwenda, wataanza kuuliza alipona vipi, nasi tutakwenda jela wote watatu, pamoja na daktari. Nilikuwa nimezunguka ule ua nadhani mara ya arobaini.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," alisema dada.

"Twende shamba. Tukajifiche."

"Na friji nitaibeba kichwani?"

"Basi tusemeje?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Miaka thelathini na mbili nimesimama mbele ya watoto, sikuwahi kukosa la kusema. Nenda kanipigie pasi gauni."

*

Uwanja ulijaa. Wanafunzi walivaa kijani na kucheza halaiki ya vitamini. Wageni wa nchi sita walikaa kwenye viti vyenye vitambaa, na mbele yao, juu ya zulia lake, Jenerali alihema ulimi nje. Mheshimiwa Ndelwa alizungumza saa moja na dakika kumi. Alisema tulipotoka hatukuwa na afya, tunapokwenda hatutaihitaji. Kisha akamwita Shahidi Mkuu.

Dada Siwema alipanda ngazi za jukwaa akiwa wima, gauni limenyooka. Mimi nilikuwa nyuma yake na kitabu changu, karani wa zamu. Wakamwekea kopo. Akaweka mkono wa kulia juu yake.

"Mwalimu," alisema Waziri kwa sauti ya asali, "waambie wageni wetu. Ulikuwaje?"

Dada aliingiza vidole kwenye pindo la kanga aliyojitanda. Akafungua fundo taratibu, akatoa kibati cha shaba, akakivaa shingoni juu ya gauni. Uwanja mzima ulikiona kikimetameta. Akasogea kwenye kipaza sauti.

Akabweka.

Hakubweka kama mtu mzima anayechekesha watoto. Alibweka kama mbwa aliyemwona mwizi akiruka ukuta, mara tatu, kwa kifua chote, na spika za uwanja zikairudisha sauti mpaka kwenye majukwaa ya mbali. Jenerali akasimama juu ya zulia lake akamjibu.

Hakuna aliyecheka. Mgeni mmoja alivua miwani akaipangusa. Mheshimiwa Ndelwa akamgeukia Bwana Chilongani. "Anafanya nini huyu mama?"

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kukisoma kibati. Alikuwa amejaa jasho. "Mheshimiwa, huyu... ana namba ya Mifugo. Kisheria si mama. Anatumia ile friji ya dawa."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Watu elfu ishirini walisikia neno friji.

Nilimtazama Waziri akifikiri, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nilimwona kiongozi akifikiri kwa haraka. Akisema huyu ni binadamu, basi kuna binadamu mmoja ambaye kopo lilimshinda na dawa ikamponya, na wageni wa nchi sita wako hapa wanaandika. Akisema ni mbwa, hakuna lililoharibika, maana kopo halijawahi kudai kuponya mbwa.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Ndelwa, "msishituke. Huyo ni mbwa."

Na tamko la Waziri ni sheria. Tangu dakika ile hapakuwa na mtu wa kumfutia dada yangu cheti. Alishuka ngazi wima kama alivyopanda, akanipita bila kunitazama, na nilipomtazama mimi niliona machozi yanamshuka mashavuni na kidevu kimeinuliwa.

*

Jumatatu yake Daktari Ngwilizi alifika kazini akakuta foleni imetoka mlangoni ikazunguka jengo. Kulikuwa na mzee wa presha aliyekuja na mkanda shingoni. Kulikuwa na fundi cherehani mwenye kifafa, na bibi harusi wa pumu. Yule askari wa getini naye alikuwamo, na alikuwa amejaza mwenyewe: kazi, kulinda. Daktari hakuuliza maneno mengi. Aliuliza unaumwa nini, tangu lini, halafu rangi.

Mimi nilifukuzwa dirisha namba nne kwa kosa la kutabasamu mahali pasipo pake. Daktari akaniombea kibarua Mifugo, na sasa mimi ndiye karani wake. Sensa ya mwaka huu imetoka. Binadamu wa nchi yetu wana afya kamili, wote, hata mmoja haumwi, na wageni wa nchi sita wamenunua makopo. Mbwa tu ndio wameongezeka sana, tena wengi wao wanajua kusoma.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungua daftari la mbwa nikakuta lina safu nne. Amepona. Hajapona. Amehama. Amekufa. Nilikaa nikaitazama ile ya nne muda mrefu. Mbwa akifa, kwetu huandikwa.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke wa makamo, amevaa nyeusi, akasimama mbele ya meza yangu mikono mitupu.

"Nataka kumwandikisha mume wangu," alisema.

"Yuko wapi, mama?"

"Alikufa mwaka juzi. Alikunywa makopo manane."

Nikamwambia kwa heshima kwamba mbwa aliyekufa hapewi dawa.

"Sitaki dawa," akasema. "Nataka aandikwe."

Nikamuuliza jina, akanitajia, nami nikalikumbuka. Alikuja dirishani kwangu akitembelea mkongojo, akaweka mkono juu ya kopo. Nilimtia tiki mimi mwenyewe: Amepona Sana. Nilitaka kumwambia mkewe. Lakini mguu wa kulia ulikuwa unagonga ubao wa meza mpaka yeye akautazama. Nikaivuta kalamu.

"Rangi yake?" nikamuuliza.

"Mweusi," akasema. "Mweusi wa kung'aa."

Nikaandika.